Ivan Lendl na Andy Murray: kocha aliyepigwa fainali nne za kwanza, kama mwanafunzi wake

Raketi ya Mbao (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila bingwa wa zamani akitangazwa kuwa kocha wa mchezaji fulani, swali la kwanza humu huwa ni lilelile: huyu alichukua mataji mangapi? Mimi naona swali hilo halitufikishi popote. Nataka tumzungumzie Ivan Lendl, kwa sababu kwake jambo hili linaonekana wazi kuliko kwa bingwa mwingine yeyote. Ninachoshikilia ni hiki: kilichomfaa Andy Murray alipofundishwa na Lendl si yale mataji manane ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka: Melbourne, Paris, Wimbledon kule London, na New York, yaani US Open). Ni zile fainali alizopigwa kabla hajashinda hata moja.

Kwa vijana ambao hawakumwona akicheza: Lendl alizaliwa Ostrava, Czechoslovakia, tarehe 7 Machi 1960. Baba na mama wote walikuwa wachezaji. Mama yake, Olga, alifikia nafasi ya pili kwa ubora kati ya wanawake wa nchi hiyo, na kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba akiwa na mazoezi alimfunga mwanawe kamba kwenye nguzo ya wavu asije akazurura, yeye akaendelea kupiga mipira yake. Mtoto akakua akiuangalia mchezo kutokea palepale nguzoni. Mwaka 1980, akiwa na miaka 20, aliiwezesha Czechoslovakia kutwaa Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa, kwa mara ya kwanza.

Halafu zikaja fainali. Paris 1981, Bjorn Borg akamshinda kwa seti tano. New York 1982, Jimmy Connors. New York 1983, Connors tena. Desemba mwaka huohuo, Melbourne, kijana Mats Wilander akammaliza kwa seti tatu mfululizo. Fainali nne za Grand Slam, zote kapigwa.

Ile ya New York 1983 ndiyo iliyomwachia jina baya. Seti ya tatu ilikuwa ya kushikana mashati mpaka 7-5, na ya nne Connors akaifunga 6-0. Sifuri, kwenye fainali, mbele ya uwanja mzima uliokuwa unamshangilia Mmarekani wao. Watu wakasema Lendl hana moyo, mambo yakiwa magumu anaachia. Uso wake haukumsaidia. Alikuwa hacheki, hafoki, havunji raketi, na waliokuwa wamemzoea Mmarekani John McEnroe na vituko vyake wakaona huyu ni mashine baridi kutoka Ulaya ya Mashariki. Hakuna aliyemwonea huruma.

Juni 1984 akaingia fainali ya Paris dhidi ya huyohuyo John McEnroe. McEnroe tangu mwaka uanze alikuwa hajafungwa hata mechi moja, ameshinda 42 mfululizo. Akabeba seti mbili za kwanza 6-3, 6-2, na kwa jinsi alivyokuwa akipanda wavuni na kuua mipira kila aliyekuwa akitazama alijua imekwisha. Katika seti ya tatu kelele kutoka kwenye kifaa cha masikioni cha mpiga picha mmoja pembeni ya uwanja zikamkera, akamwendea na kumfokea. Lendl akabaki nyuma kwenye mstari wake. Akaendelea kurudisha. McEnroe anapanda wavuni, mpira unampita kushoto. Anapanda tena, unampita kulia. 6-4, 7-5, 7-5. Lendl bingwa. McEnroe hakuchukua taji la Paris la mmoja mmoja maisha yake yote.

Wengi husimulia mechi hii kama kisa cha hasira za McEnroe. Mimi naiona kama ya Lendl: mtu aliyeitwa mwoga miezi tisa tu nyuma, yuko chini seti mbili katika fainali ya tano, na haachii.

Baada ya hapo akaigeuza tenisi kuwa kazi ya kupanga kila kitu. Mwaka 1985 akamchukua Tony Roche, Mwaustralia aliyekuwa bingwa wa Paris mwaka 1966, awe kocha wake. Akabadilisha chakula. Akaendesha baiskeli kwa kujenga pumzi. Nyumbani kwake Greenwich, Connecticut, alikuwa na uwanja wake binafsi, na kabla ya mashindano ya New York aliwaita mafundi walewale wanaotandika viwanja vya US Open waje wamtandikie na yeye uso uleule, ili mpira udunde nyumbani kama utakavyodunda kwenye fainali. Akafika fainali nane mfululizo za US Open, 1982 hadi 1989, na kushinda tatu: 1985, 1986, 1987. Paris nazo tatu: 1984, 1986, 1987. Melbourne mbili: 1989 na 1990. Jumla mataji 94 ya mmoja mmoja na wiki 270 akiwa namba moja duniani.

Naendelea kuandika, michango ruksa.

Nyasi za Juni

Mkuu uzi mzuri, ila umeruka Wimbledon. Huwezi kumsimulia Lendl bila Wimbledon.

Raketi ya Mbao

Nilikuwa naielekea, mkuu. Wimbledon ndiyo roho ya habari yenyewe.

Nyasi za miaka ile zilikuwa nyepesi na za kasi. Mpira ukidunda unateleza na kubaki chini, na saa nyingine unadunda ovyo. Forihendi ya Lendl, pigo la upande wa mkono wa raketi, ilikuwa na mzunguko mrefu, ilihitaji muda wa kuuvuta mkono nyuma, na nyasi zilikuwa hazimpi muda huo. Ilibidi apige sevu (pigo la kuanzisha pointi) na kuifuata mpaka wavuni, jambo ambalo halikuwa la asili yake. Kwa sababu hiyo alimtafuta Roche, mtu wa mkono wa kushoto mwenye voli (kupiga mpira kabla haujadunda) nzuri sana.

Alifika fainali 1986, Boris Becker akampiga seti tatu. Akafika tena 1987, Pat Cash akampiga seti tatu. Mwaka 1990 akafanya ambalo mpaka leo naliona la kishujaa: mtu mwenye mataji matatu ya Paris akaacha kwenda Paris, akautumia muda wote huo kufanya mazoezi kwenye nyasi. Akashinda Queen's, mashindano ya nyasi ya London kabla ya Wimbledon, kwa kumpiga Becker fainali, kila mtu akasema mwaka huu ni wake. Nusu fainali ya Wimbledon, Stefan Edberg akamtoa seti tatu kavu.

Hakulipata. Mgongo ukamstaafisha mwaka 1994 akiwa na miaka 34, akaenda kwenye gofu, na kwa miaka mingi hakuonekana kabisa kwenye tenisi. Hakuwahi kumfundisha mchezaji mkubwa. Mpaka siku ya mwisho ya mwaka 2011, Murray alipotangaza kwamba kocha wake mpya ni Ivan Lendl.

Jamvi

Hapo sasa. Tuletee Murray.

Raketi ya Mbao

Murray wakati huo ana miaka 24, kutoka mji mdogo wa Dunblane, Scotland. Kipaji hakuna aliyekibishia. Fainali za Grand Slam alikuwa amecheza tatu: New York 2008 na Melbourne 2010 dhidi ya Roger Federer, Melbourne 2011 dhidi ya Novak Djokovic. Tatu zote hakupata hata seti moja. Na nyuma yake ipo nchi nzima inayohesabu miaka tangu Fred Perry, Mwingereza wa mwisho kushinda Wimbledon kwa wanaume, mwaka 1936.

Mliomtazama mnakumbuka tabia yake. Akikosa pointi anageukia jukwaa walikokaa mama yake, kocha na wenzake, anawafokea, anajishika paja, anajisema. Wale jukwaani wanainuka, wanapiga makofi, wanamhimiza, na yeye anazidi kuchemka. Yaani hasira inaenda na kurudi.

Akaja Lendl, akakaa. Kofia, miwani ya jua, mikono kifuani. Murray anafoka, Lendl haoni wala hasikii. Kamera zilikuwa zinamtafuta kila baada ya pointi kubwa, na uso ni uleule. Wakati ule kocha alikuwa haruhusiwi kabisa kumwelekeza mchezaji katikati ya mechi kwenye Grand Slam. Kazi yake ilikuwa imekwisha pale mchezaji alipoingia uwanjani, na kilichobaki ni kuonekana tu. Lendl akaamua aonekane vipi. Murray akikosa, akigeuka, hakuti mtu wa kupokea hasira zake. Inabidi arudi kwenye mpira.

Kimchezo walibadilisha vitu vya wazi. Murray alikuwa bingwa wa kujilinda, anakimbia na kurudisha kila kitu, anasubiri mwenzake akosee. Kwa akina Djokovic na Federer kwenye fainali hiyo haitoshi, hawakosei vya kutosha. Lendl akamsukuma atumie forihendi kwa nguvu zaidi, autangulie mpira, aingie ndani ya uwanja ukija mfupi. Na sevu ya pili, ambayo ilikuwa laini mno, ikafanyiwa kazi.

Julai 2012 akafika fainali ya Wimbledon. Akachukua seti ya kwanza dhidi ya Federer, seti yake ya kwanza kabisa katika fainali kubwa, kisha akapoteza tatu. Akalia kwenye maikrofoni mbele ya uwanja mzima. Fainali nne, kapigwa nne. Hesabu ileile ya kocha wake.

Wiki nne baadaye, uwanja uleule, fainali ya Olimpiki, mpinzani yuleyule: Murray 6-2, 6-1, 6-4. Medali ya dhahabu.

Septemba, New York, Djokovic. Taibreki (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6) ya seti ya kwanza peke yake iliisha 12-10. Murray akachukua seti mbili, Djokovic akarudisha mbili. Kabla ya seti ya tano Murray akaomba kwenda chooni, na mwenyewe amesimulia kwamba mle ndani alisimama mbele ya kioo akajisemesha kwa sauti mpaka akawa mtu mwingine. Akatoka, 6-2. Saa nne na dakika 54. Fainali ya tano, kama mwalimu wake.

Nyasi za Juni

Nakuheshimu mkuu, lakini hapa unampa Lendl sifa nyingi mno. Murray alikuwa anaingia umri wake mzuri. Federer ndiyo anatimiza 31 mwaka huo. Rafael Nadal alitolewa mapema Wimbledon, goti likamzuia Olimpiki na US Open. Mlango ulikuwa wazi. Hata angekuwa na kocha mwingine angepita.

Raketi ya Mbao

Hoja ya Nadal ni kweli tupu, sibishi. Lakini aliyekuwa upande wa pili New York ni Djokovic, bingwa mtetezi, na amerudi kutoka chini seti mbili. Huo mlango haukuwa wazi, ulikuwa umefungwa na mtu kasimama nyuma yake.

Halafu tazama maisha yote ya Murray. Alicheza fainali 11 za Grand Slam. Tano akiwa na Lendl: alishinda tatu (New York 2012, Wimbledon 2013, Wimbledon 2016). Sita bila Lendl: hakushinda hata moja. Sisemi tofauti yote hiyo ni kocha. Fainali ya 2016 alikutana na Milos Raonic, na Raonic si Djokovic. Lakini mchezaji mwenyewe walipoachana Machi 2014 alirudi kumwomba tena Juni 2016, na ndani ya miezi sita akachukua Queen's, Wimbledon, dhahabu ya pili ya Olimpiki kule Rio, na kufunga mwaka akiwa namba moja duniani. Murray alijua anachokifuata.

Na Wimbledon 2013 yenyewe, ngoja niisimulie gemu ya mwisho kwa sababu ndani yake kuna kila kitu. Tarehe 7 Julai. Murray yuko mbele seti mbili, anaongoza 5-4 ya tatu, sevu ni yake. 40-0. Pointi tatu za ubingwa, miaka 77 ya kusubiri. Djokovic akafuta ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Sasa ni 40-40, na uwanja uliokuwa umesimama unaketi. Djokovic akapata nafasi ya kuivunja ile sevu, yaani kuichukua gemu ambayo Murray ndiye anapiga sevu, si mara moja, mara tatu. Murray wa 2011 pale angegeukia jukwaani na kuanza kufoka. Huyu hakugeuka. Aliokoa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akapata pointi ya nne ya ubingwa, na Djokovic akaupiga mpira wavuni.

Akapanda jukwaani kukumbatia watu wake. Lendl akamkumbatia, akageuka kushuka, karibu amsahau mama yake mzazi! Ikabidi arudi. Na alipohojiwa uwanjani akasema kwamba Lendl bila shaka angependa kuishinda Wimbledon yeye mwenyewe, lakini hili ndilo lililo karibu zaidi na hilo.

Mtu aliyeikosa Wimbledon mara zote alizoijaribu ndiye aliyejua inavyomla mtu.

BintiPwani

Nimesoma yote, ahsante kaka Raketi. Lakini katika hizo "sita bila Lendl" umemfunika Amélie Mauresmo, na sipendi iishe hivyo. Murray alimchukua Juni 2014. Kelele zilizopigwa zilikuwa za aibu, hata wachezaji wenzake walisema vibaya, na kosa lake lilikuwa moja: ni mwanamke. Wakati yeye pia ni namba moja wa zamani, bingwa wa Melbourne na Wimbledon mwaka 2006, na kabla ya hapo alishabezwa miaka kwa sababu hiyohiyo, kwamba hana moyo wa fainali. Kama hoja yako ni kwamba mwalimu mzuri ni yule aliyepita kwenye moto uleule, basi Mauresmo anaingia humo sawasawa na Lendl.

Na kazi yake inaonekana. Murray alitoka kwenye upasuaji wa mgongo, akarudi. Alikuwa hajawahi kushinda taji lolote kwenye udongo. Mwaka 2015 akachukua Munich, na wiki hiyo iliyofuata Madrid, akimpiga Nadal fainali. Nadal, kwenye udongo, Uhispania! Fainali alizopoteza enzi za Mauresmo, Melbourne 2015 na 2016, alipoteza kwa Djokovic aliyekuwa katika kilele cha maisha yake. Murray mwenyewe alimtetea hadharani wakati wote, na akasema kila alipofungwa watu walimlaumu Mauresmo, jambo ambalo hakuliona kwa makocha wake wengine.

Raketi ya Mbao

Dada, hilo nalipokea lote bila kupunguza. Hata nguvu alizokuwa nazo Murray 2016 zilijengwa miaka miwili iliyotangulia. Lendl alikuja akakuta nyumba imesimama. Na ukitaka kumjua Mauresmo zaidi, kabla ya Murray alikuwa karibu na Marion Bartoli wakati Bartoli aliposhinda Wimbledon ya wanawake 2013, wikiendi ileile ya Murray.

Mzee wa Gerezani

Vijana, mnamsifia sana huyu bwana, na tenisi yake ni kweli inasifika. Sisi tulioishi miaka ile tunakumbuka na jingine. Mwaka 1983 alikwenda kucheza Sun City, ndani ya Bophuthatswana ya makaburu huko Afrika Kusini, wakati dunia inasusia michezo na utawala ule. Shirikisho la tenisi la nchi yake mwenyewe likampa adhabu na faini. Hakuwa peke yake, wachezaji wengi wakubwa walifuata pesa kule. Ila kwa msomaji wa Afrika habari ya Lendl haijakamilika bila hilo.

Raketi ya Mbao

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, na ni vizuri liandikwe humu humu kwenye uzi. Arthur Ashe, bingwa wa Wimbledon 1975, alikuwa mstari wa mbele kuwaambia wachezaji wenzake wasiende kule. Walioenda walikuwa wameshaambiwa.

Mzee wa Gerezani

Marahaba mwanangu. Endeleeni.

Mkenya Damu

Swali langu ni hili. Kama Lendl ana dawa, mbona kwa Zverev haikufanya kazi?

Raketi ya Mbao

Swali zuri sana. Alexander Zverev alimchukua Agosti 2018. Mwanzo ulikuwa mtamu: Novemba akashinda mashindano ya mwisho wa mwaka kule London, kampiga Federer nusu fainali na Djokovic fainali. Kisha ikaharibika. Julai 2019 wakaachana, na Zverev akalalamika waziwazi kwamba kwenye mazoezi Lendl anawaza zaidi gofu na mbwa wake kuliko tenisi.

Sasa angalia. Zverev alikuwa na miaka 21 alipomchukua, na alikuwa hajafika hata nusu fainali ya Grand Slam. Ugonjwa wa kupoteza fainali alikuwa hajaupata bado. Murray alimfuata Lendl akiwa ameshaumwa mara tatu, akitafuta mtu wa kumwambia kwamba haya hupona. Zverev alihitaji mtu wa kumjenga siku kwa siku, na Lendl hajawahi kuwa kocha wa siku kwa siku. Hata kwa Murray hakusafiri naye mwaka mzima. Mazoezi ya kila siku yalikuwa mikononi mwa Dani Vallverdu, na baadaye Jamie Delgado. Hawa majina yao hayatajwi, na bila wao Lendl angekuwa mgeni tu anayekuja na kuondoka.

Na hata kwa Murray haikuwa ya milele. Alimrudia mara ya tatu Machi 2022, nyonga imeshawekwa chuma, wakakaa mpaka Novemba 2023. Hakukuwa na Grand Slam. Mwili ulikuwa umegoma, na hilo halina kocha.

Mkenya Damu

Basi Juan Carlos Ferrero namweka juu ya Lendl. Bingwa wa Paris 2003, namba moja mwaka huohuo. Alimpokea Carlos Alcaraz 2018, mtoto wa miaka 15, kwenye akademia yake Villena. Walipoachana Desemba 2025 mtoto ana Grand Slam sita. Huyo ndiye kocha, hakukuta nyumba imesimama, alianza na msingi.

Raketi ya Mbao

Kwa kulea, Ferrero hana mpinzani miongoni mwa mabingwa wa zamani, nakubali. Ila sioni kama ni kazi moja. Ferrero alikuwa mlezi. Lendl aliitwa kutibu jeraha moja mahususi. Upande wa pili wa mizani yupo Connors, aliyempiga Lendl mara mbili kule New York: mwaka 2013 Maria Sharapova alimwajiri, wakacheza mechi moja, ikaisha. Mataji manane ya Grand Slam, sawasawa na ya Lendl. Mechi moja.

kocha_wa_klabu

Nimekuwa msomaji tu lakini hapa lazima niseme. Nafundisha watoto kwenye klabu moja hapa Dar. Kama wenzangu wengi, nilianza nikiwa muokota mipira, sikuwahi kuwa bingwa wa chochote, na wazazi wananiuliza hilo swali la mataji kila siku. Ninachokiona uwanjani kinaungana na alichosema mleta uzi. Watoto wetu wanapiga mpira vizuri mazoezini. Ikifika pointi ya kuamua, mkono unaganda. Raketi inasogea nusu ya njia, mpira unaangukia wavuni, kisha mtoto anamtazama mzazi kwenye benchi. Mzazi naye kashika kichwa. Mtoto akiona vile, gemu inayofuata imeshaenda.

Nimejaribu kuwaomba wazazi wakae wametulia, nyuso za kawaida, mtoto akosee asikosee. Hakuna jambo gumu kwao kama hilo. Kwa hiyo uso wa Lendl naujua thamani yake.

BintiPwani

Kocha, na sasa ruhusa imetolewa. Tangu 2025 kocha anaruhusiwa kumwelekeza mchezaji kutoka jukwaani. Unadhani inasaidia au inaharibu?

kocha_wa_klabu

Kwa mchezaji aliyekomaa inasaidia, maelekezo mafupi, "sogea nyuma kwenye sevu ya pili", basi. Kwa mtoto naona inaharibu. Anaacha kufikiri, kila pointi anageuka kuuliza. Angella Okutoyi wa Kenya aliposhinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022, yeye na mwenzake waliamua mambo yao wenyewe mle ndani.

Raketi ya Mbao

Na Lendl nadhani hata ruhusa hiyo angekuwa nayo 2013, kwenye ile 40-40 asingefungua mdomo. Alichokuwa nacho alishakimaliza Florida, kwenye mazoezi. Kocha, unawafanyisha zoezi gani hao mkono unaoganda?

kocha_wa_klabu

Hakuna siri. Gemu zinaanzia 30-40, anayepiga sevu yuko nyuma tayari. Akipoteza anapiga sevu tena, kutoka 30-40 tena, hakuna kupumzika wala kunitazama. Mwanzo wanalia. Wiki kadhaa zikipita unaona mtoto anadundisha mpira mara mbili tatu, anavuta pumzi, anapiga sevu ya pili kwa mkono mzima. Jumamosi saa mbili asubuhi nina kundi la chini ya miaka 14, mwenye mtoto anipate inbox nimpe mahali. Raketi zipo, aje na maji tu na kofia, na mzazi akae upande wa mbali.